Kasha la Mashine Lililotazama Ukutani

Vijana wa chumba cha michoro, mliniomba niwaandikie habari za kazi, na mliniomba kwa ujumbe wa simu wenye vikatuni vya kucheka, kwa hiyo najua hamkutegemea kwamba ningeandika kweli. Basi poleni. Mstaafu ana muda. Kuku nimeshawalisha, mume wangu amenikimbia kwenda kwa rafiki zake Mbalizi, na meza ya chakula inapata mwanga kutoka kushoto, jinsi meza yoyote ya maana inavyotakiwa kuwa. Mambo ya vyeo na mishahara sitayagusa. Hayo mtayasoma kwenye nyuso za wastaafu wenzangu mkikutana nao benki.

Siku ya kwanza nilipanda ngazi za karakana ya Mbeya nikiwa na sketi mpya aliyonishonea mama na cheti cha ufundi nilichokifunga kwenye plastiki. Juu kulikuwa na chumba kirefu chenye madirisha upande mmoja na mbao za kuchorea zimepangwa kama vitanda vya wodini. Mkuu wa chumba alikuwa Mzee Mwaisumo, mtu mfupi, miwani imefungwa kwa uzi, koti la kazi limepigwa pasi hadi linasimama lenyewe. Sikumaliza hata kusema shikamoo. Akanipa penseli na wembe.

"Chonga."

Nikachonga. Akaishika penseli, akaitazama kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua yai.

"Binti, hii ni penseli au mwiko?"

Nikachonga tena. Ilipofika saa ya chakula nilikuwa nimemaliza penseli kadhaa bila kuchora hata mstari mmoja, na cheti changu bado kiko kwenye plastiki, hakuna aliyekiulizia. Jioni akaja, akaigusa ncha kwa kidole, akasema, "Hii inaweza kuandika jina lako. Kesho tutaona kama unalo." Nilirudi nyumbani nikalia. Mama akauliza kama wamenifukuza. Nikamwambia hapana, nimepandishwa daraja, kesho naruhusiwa kugusa karatasi.

Ninyi mnafuta kosa kwa kubonyeza. Sisi tulifuta wino kwa kuukwangua na wembe, taratibu, ukishikilia pumzi, maana karatasi ile ya kunakilia, inayoonyesha kilicho chini yake, ikitoboka unaanza upya. Ili wino usitapakae tulipaka ubao poda ya watoto. Ndiyo, poda ile ile ya dukani yenye picha ya mtoto anacheka. Na kopi tulizitoa kwenye mashine iliyotumia amonia, na amonia inanuka mkojo, sina namna nyingine ya kulisema. Sasa changanya poda ya mtoto na harufu ya mkojo. Wachoraji wote wa chumba kile, watu wazima wenye familia zao, walinuka mtoto aliyejilowesha. Nikiingia kanisani kina mama walikuwa wanageuka kumtafuta mtoto. Mmoja aliwahi kuniambia kwa upole, "Mwenzangu, mbadilishe, ataumwa." Nikamwambia ameen.

Mzee Mwaisumo alituona sisi wa amonia ni watoto wa kudekezwa. Enzi zake kopi zilitolewa kwa jua. Unapandisha mchoro juu ya paa la karakana ndani ya fremu ya kioo, karatasi yenye dawa imewekwa chini yake, unaliachia jua likuchomee, halafu unaiosha kwenye maji inatoka ya bluu yenye mistari myeupe. Jambo zuri sana, kama unaishi mahali penye jua. Mbeya, mwezi wa sita, ukungu unashuka mlimani unakaa mjini kama mgeni asiyeaga. Alituhadithia jinsi alivyokaa juu ya paa amejifunika blanketi, akilisubiri wingu liondoke, huku mafundi chini wanapiga kelele wanataka mchoro. "Mchoro umechelewa kwa sababu ya wingu," anasema aliwahi kuandika hivyo kwenye taarifa, na mkubwa wake akaamini.

Baridi yenyewe ilikuwa sehemu ya kazi. Tuliwasha jiko la mkaa kona ya chumba, mbali na karatasi, tukawa tunapokezana kwenda kupasha vidole. Karatasi nayo ilivuta unyevu. Mstari uliopima asubuhi, mchana jiko likishakolea, haukuwa tena mstari ule. Ndiyo maana Mzee alitupigia kelele kila siku: msipime mchoro kwa rula, someni namba iliyoandikwa! Leo nawaona mnapima skrini kwa rula. Niliwaona, msibishe. Nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa nimebakiza wiki moja.

Sasa nifike kwenye shina la habari, na hapa naomba mnisikilize hata ninyi mnaojua, maana najua hamjui. Kitu chochote unakichora kwa kukitazama mbele, juu na ubavuni, halafu unazipanga picha hizo kwenye karatasi. Tuchukue kiatu. Umekichora kwa mbele, sasa unataka kuonyesha ubavu wake wa kushoto. Utauweka wapi? Shule aliyosoma Mzee Mwaisumo ilisema uweke kulia, kana kwamba kiatu kimebingirika. Shule nyingine ilisema uweke kushoto, pale pale ulipo. Shule zote mbili ni halali na dunia imegawana, nchi hizi zinachora hivi na nchi zile zinachora vile. Lakini mmoja akichora kwa shule yake na mwingine akasoma kwa shule yake, umechora kiatu cha kulia, utaletewa cha kushoto. Vipimo vyote sawasawa, kazi safi kabisa, ila mguu hauingii.

Na Tanzania yetu tulisaidiwa na kila mtu. Kabati letu lilikuwa na michoro ya Wajerumani, ya Waingereza, ya Wachina, kila mmoja na shule yake. Ili watu wasichanganyikiwe kuna kialama kidogo, koni iliyokatwa kichwa, unakichora kwenye kona ya karatasi kumwambia msomaji umetumia shule ipi. Kazi ya kufumba na kufumbua. Mzee Mwaisumo alikipiga marufuku.

"Anayejua kusoma barua," alisema, "haambiwi inaanzia wapi. Mimi sichori kwa ajili ya wajinga."

Aliyembishia ni mmoja tu, Lusekelo. Huyu alikuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na viatu vya ncha kali na ile shule nyingine. Alikuwa mchoraji hodari na alijua hivyo. Kila siku saa ya chai walibishana na Mzee kuhusu ubavu uwekwe wapi, wakitumia kikombe, kisahani, na mara moja andazi langu, ambalo halikurudi.

Kulikuwa na desturi moja pale ambayo ninyi mmeiacha na mnajua kwa nini. Mchoraji hubeba. Ukichora kitu, kikitoka karakana unakwenda nacho wewe mwenyewe hadi kinakofungwa, unasimama hapo mpaka kifanye kazi, ndipo Mzee anakuruhusu kuandika jina lako kwenye mchoro. Nia ilikuwa njema, uone kosa lako kwa macho. Matokeo yake wachoraji wote tukawa mabingwa wa vitu vyepesi. Lusekelo alitoboa matundu kwenye kila kitu alichochora. Alisema ni sayansi ya kupunguza uzito. Tulijua ni mgongo.

Basi siku moja akaingia mwanamke amebeba kitu kizito kwenye khanga, akakitua puu juu ya ubao wa Mzee Mwaisumo, juu ya mchoro wenye wino mbichi. Chumba kizima tuliweka kalamu chini. Alikuwa Bi Zaina kutoka Kihesa, Iringa, mjane, familia ya wafanyabiashara ambao babu zao walipanda kutoka pwani wakaizoea baridi. Alikuwa mwembamba, na sauti yake ilitosha watu wawili. Ndani ya khanga kulikuwa na kipande cha chuma kilichopasuka, kasha la mashine yake ya kusaga, lile lenye nyundo za kuponda mahindi zinazozunguka ndani yake, na linalotema unga nje kwa mdomo wake.

"Msinionyeshe makaratasi," alisema. "Nataka mashine yangu ilie."

Mzee akamwambia foleni ni ndefu. Bi Zaina akavuta stuli ya Lusekelo, akakaa, akatueleza bila kuficha. Marehemu mumewe alimwachia chumba na mashine. Shemeji yake, Bwana Hamisi, ana mashine yake hatua chache ukiteremka barabara ile ile, na tangu siku ya matanga amekuwa akisema mashine iliyokufa ni mzigo kwa mwanamke, afadhali yeye amsaidie kuubeba. Wazee wa ukoo wamekata shauri. Watakuja Ijumaa ya mwisho wa mwezi. Wakiikuta mashine imelala, chumba na mashine vinahamia kwa shemeji. Wakiikuta inasaga, wanamwacha.

"Na mimi nikiachwa bila mashine," alisema, na hapo sauti ikapungua, "nitakuwa naomba unga kwa Hamisi. Bora nile udongo."

Mzee Mwaisumo alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akanitazama mimi. "Atupele. Nenda kapime."

Nikaenda Iringa. Kihesa baridi yake inafanana na yetu, nikajisikia nyumbani. Mlangoni kijana wa jirani alinisalimia kamwene, nikaitika, nikapewa kigoda, nikaanza kupima vipande vilivyobaki. Sijakaa sawa, Bwana Hamisi akaja na birika la chai. Mtu mnene, kanzu safi, uso wa huruma ambao ulikuwa ukifurahi pembeni.

"Pole sana shemeji," akamwambia Bi Zaina.

"Ulishanipa pole asubuhi."

"Ndiyo, na ya mchana hii." Akanigeukia. "Binti, hicho chuma hakiponi. Usijichoshe. Kunywa chai."

Chai niliinywa. Ilikuwa na tangawizi, nzuri sana, siwezi kumnyima sifa. Lakini nilipima kila kitu, nikachora kwa mkono, nikaandika mdomo wa unga unatazama uani, nyuma ya nyumba, ambako wateja walikuwa wanazunguka kupita kando ya choo ili kuchukua unga wao. Nikarudi Mbeya.

Nilichora kwa shule ya Mzee, kwa sababu nilikuwa chumba cha Mzee. Lusekelo ndiye aliyeunakili mchoro kwa wino, kwa kuwa mkono wake ulikuwa safi kuliko wa yeyote. Kialama cha kona hakikuwekwa, kwa amri. Kisha ukashuka chini kwa Fundi Sanga, seremala Mkinga aliyechonga mifano ya mbao ya kutengenezea kalibu za kumiminia chuma, mtu ambaye alikuwa akimaliza kazi za ng'ambo kwa miezi mingi na macho yake yalishazoea ile shule nyingine. Baadaye alikiri kwamba aliona duara moja halikubaliani na mwenzake. Alifanyaje? Alipanda ngazi kuuliza? Thubutu. Alisema, "Hawa wa juu wamelewa amonia," akafuata anachokijua yeye.

Na kabla hamjauliza: mimi sikukosea. Mzee alisema kosa ni la Sanga, Sanga akasema ni la Lusekelo, Lusekelo akasema ni la kiburi cha Mzee, na wote watatu walijaribu kunisogezea mimi kwa kuwa nilikuwa mdogo. Sikukubali siku ile na leo nikiwa na pensheni ndiyo sikubali kabisa.

Chuma kikayeyushwa, kikamiminwa, kikakerezwa. Kilitoka kizuri, cheusi, kizito kama dhambi, maana nilikuwa nimekataa kutoboa matundu ya Lusekelo. Na mchoraji hubeba. Nikasindikizwa nacho hadi Uyole, nikaombewa nafasi kwenye lori la viazi linalokwenda Iringa. Dereva akalizunguka lile kasha, akaligonga kwa fimbo, likaita.

"Mama mchungaji, kengele hii ya kanisa gani?"

"Siyo kengele. Na mimi siyo mchungaji."

"Haya mama. Kwa hiyo mwenye kengele ni nani?"

Njia nzima, hata baada ya Mafinga, alinieleza dhambi zake. Nilimsamehe karibu na Ifunda ili anyamaze.

Alhamisi asubuhi tulilipandisha kasha kwenye msingi wake, mimi, Bi Zaina na wapagazi wawili. Bolti zikaingia zote kama zilivyozaliwa pale. Nilifurahi, nikapiga hatua nyuma kuangalia kazi yangu. Mdomo wa unga ulikuwa unatazama ukuta.

Nilizunguka. Nikarudi. Nikainama nikatazama kati ya miguu yangu, sijui kwa nini, labda nikidhani kichwa changu ndicho kimegeuka. Ee Kyala, Mungu wangu! Kiatu cha kushoto. Kila kipimo sawa, kila tundu mahali pake, na kitu chote kimegeuka kama kinavyoonekana kwenye kioo. Tukijaribu kukizungusha, tundu la shafti linakwenda mbali na injini. Tukikirudisha, unga unakwenda ukutani. Na hata nyundo za ndani, kwa jinsi injini inavyozungusha, zingerusha mahindi kinyume na mdomo.

Nikakaa juu ya gunia. Bi Zaina alitazama ukuta, akanitazama mimi, akaelewa. Aliketi kando yangu akaanza kukunja na kukunjua ncha ya khanga. Afadhali angenitukana.

Bwana Hamisi alifika na birika lake. Akachungulia. Akaweka birika chini ili apate kushika tumbo.

"Jamani! Mmeleta mashine ya kusaga ukuta!"

Alicheka mpaka akaegemea mlango. Wapagazi nao wakacheka, maana kusema kweli lilichekesha. Kisha akamwambia shemeji yake kwa sauti ya asali kwamba asihangaike kupika kesho, chakula cha wazee atagharimia yeye. Hilo ndilo lililoniinua pale juu ya gunia. Nilikwenda posta, nikaomba simu ya Mbeya, nikasubiri mpaka nikakariri matangazo yote ya ukutani, ndipo nikampata Mzee Mwaisumo.

"Mzee, kasha limegeuka."

"Haliwezi kugeuka. Mchoro ni sahihi."

"Mzee, mdomo unatazama ukuta."

"Basi ukuta ndio uko mahali pabaya."

"Mzee, kesho Ijumaa!" Nililia, na simlilii mtu ovyo. "Watamnyang'anya!"

Nikasikia anavua miwani. Nawaambia nilisikia. Halafu akauliza, taratibu, "Mkanda wa injini ni bapa?"

"Bapa."

"Uvukishe. Upishane katikati kama namba nane. Puli ya mashine itazunguka kinyume na nyundo zitarusha upande wa mdomo. Isogeze injini kidogo mkanda utoshe. Hiyo ni nusu ya kazi."

"Na ukuta?"

"Mimi ni mchoraji wa mashine," alisema, "ukuta muulize mwenye nyumba." Akateremsha sauti. "Na Atupele, usiwaambie tumekosea. Waambie imebuniwa."

Nilirudi mbio. Nikamweleza Bi Zaina habari ya mkanda, naye akasikiliza, kisha nikamwambia kwa aibu kwamba hata hivyo unga utapiga ukuta. Aliinuka. Aliuendea ule ukuta, akaugonga kwa kiganja, akaweka sikio kama daktari.

"Huku nyuma ya ukuta kuna nini?" nikamuuliza.

"Barabara ya lami," alisema. "Marehemu alitaka kila siku kuweka dirisha hapa. Hamisi ndiye aliyemkataza. Alimwambia litaleta vumbi." Akavua khanga ya mabegani akajifunga kiunoni. "Nipeni nyundo."

Aliupiga mwenyewe. Wapagazi walitaka kumpokea akawafukuza. Nadhani kila tofali lilikuwa na sura ya mtu. Mpaka adhuhuri jua la barabarani lilikuwa linaingia ndani kwa mara ya kwanza, na mdomo wa kasha umekaa sawasawa na lile tundu, kama vile kweli tulibuni. Tukavukisha mkanda, tukasogeza injini, tukaiwasha. Ikakohoa, ikashika. Bi Zaina akamimina debe moja la mahindi. Unga ukatoka barabarani, mweupe, laini, mbele ya watu wanaotoka sokoni, na wa kwanza kusimama alikuwa mama mmoja aliyeacha njia yake ya kwenda kwa Hamisi. Bi Zaina alichota unga kiganjani akaunusa. Machozi yalimtoka, yakamwachia mifereji kwenye vumbi la matofali usoni. Mimi nililia kama bomba.

Ijumaa baada ya swala wazee wakaja, wamevaa vizuri, wakawekewa viti ndani ya chumba cha mashine kwani hilo ndilo lililokuwa shauri. Nje, foleni ilikuwa imeshafika kwenye duka la pili. Mashine inanguruma. Bwana Hamisi akasimama kutoa hoja yake. Nikamwona midomo inacheza, mkono unapanda, unashuka, unaonyesha ukuta, unaonyesha mbingu. Hakuna aliyesikia neno.

"Ati?" mwenyekiti akapiga kelele, ameziba sikio moja.

Hamisi akarudia, shingo imevimba.

"Sikusikii, Hamisi! Mashine!"

Hamisi akamgeukia Bi Zaina, akampa ishara ya mkono, azime. Bi Zaina akashika mpini wa kuzimia injini. Akawatazama wazee, akamtazama shemeji yake. Kisha akauachia, akachukua gunia jingine akalimimina. Mwenyekiti alitazama lile gunia linavyoteremka, akatazama foleni, akaangua kicheko. Wakainuka. Kila mzee aliondoka na mfuko wa unga wa moto chini ya kwapa, na shauri likawa limekwisha bila mtu kutamka uamuzi.

Ningeweza kuishia hapo mkanisifu. Lakini mwaka uliofuata mlango wa chumba cha michoro ulifunguliwa, akaingia Bwana Hamisi wa Kihesa, kanzu safi, birika hana.

Karibu wateja wote walikuwa wamehamia juu, kwa Bi Zaina. Mtu anaona unga unatoka mbele ya macho yake barabarani, hapiti kando ya choo, kwa nini ateremke kwa Hamisi? Akazunguka, akakohoa, mwisho akasema anataka kasha.

"La kawaida?" Mzee Mwaisumo akamuuliza.

"Hapana. Kama lile la shemeji."

Mzee alinitazama kwa jicho la pembeni. Lusekelo alijifanya ameangusha penseli, akakaa chini ya meza muda mrefu. "Lile," Mzee akasema bila kutingishika, "ni la kubuniwa."

Nikalichora, safari hii limegeuzwa kwa makusudi. Mzee mwenyewe, kwa mkono wake, akachora kile kialama cha kona alichokipiga marufuku, akakikoleza hadi kinaonekana kutoka mlangoni. Lusekelo akanakili kwa wino. Tulikagua mara nyingi kuliko tunavyokagua daraja. Mchoro ukashuka kwa Fundi Sanga. Na Fundi Sanga, ambaye tangu mambo ya Bi Zaina alikuwa ametukanwa karakana nzima, hakukitazama kialama wala kona. Alisema moyoni mwake, hawa wa juu wataniangusha tena, acha safari hii niwageuzie mapema.

Likatoka kasha la kawaida.

Sikujua hadi nilipofika nalo Kihesa. Bwana Hamisi alikuwa amejitayarisha. Kasha lake la zamani alishaliuza kwa watu wa vyuma chakavu. Injini ameihamisha na msingi mpya amemwaga. Ukuta wa barabarani ameshauvunja, tundu pana kuliko la Bi Zaina, amelipaka rangi ya kijani kuzunguka. Tukafunga. Mdomo ukatazama nyuma, kwenye choo. Upepo wa Kihesa ukawa unaingia kwa lile tundu la kijani na kutoka kwa mlango.

Safari hii mkanda wa kuvukisha usingesaidia, maana tundu la shafti lilikuwa mbali na injini kule alikoihamishia. Msingi ulihitaji kuvunjwa na kumwagwa upya, na saruji haijali haraka ya mtu. Nyuma yake magunia ya wateja wachache waliobaki waaminifu yamepangwa hadi dari, nao wameshaanza kuulizia mahindi yao.

Niliondoka kwenda kumuaga Bi Zaina. Nilimkuta anapiga kazi, unga unatoka, foleni imenyooka. Na kwenye mkia wa foleni, kanzu imejaa vumbi, ameshika mkokoteni wenye magunia, amesimama Bwana Hamisi. Bi Zaina alimwona vizuri tu. Alimwamkia kwa adabu zote, akamuulizia watoto, akamuulizia mguu wake unaomsumbua. Kisha akaendelea na mama aliyekuwa mbele, na aliyemfuata, na aliyemfuata huyo, mpaka zamu ya shemeji yake ilipofika.